Moshi Katika Muhogo wa Severino

Jumapili ya kwanza ya Novemba 1987, Angelo, mtumishi wa altare, alichukua makaa matatu kutoka jiko la Emilia, muuza chai, akayatia ndani ya chetezo. Miaka yote ya ukimbizini Zaire, chetezo hicho kilibeba moto wa kupikia, na minyororo yake iliunganishwa kwa waya wa baiskeli. Sasa watu walikuwa wamerudi, na kigango chao, kwenye njia ya Arua kwenda Koboko, kilikuwa na nyasi mpya juu ya paa.

Padri aliweka ubani. Angelo alibembeza chetezo mara tatu. Moshi haukupanda. Ulishuka sakafuni, ukapita kati ya mabenchi, ukatoka mlangoni, ukaingia katika shamba la muhogo la Severino, mwenyekiti wa kigango. Humo ulikaa kama mtu aliyechuchumaa, bega moja limelegea.

"Iko Onzima," alisema mama mmoja. "Ile bega ni yake."

Wengine waliendelea na wimbo.

Onzima alikuwa mume wa Viktoria. Mwaka 1980 Severino aliwaonyesha askari mahali Onzima alipojificha, na Onzima hakuonekana tena. Jambo hilo lilijulikana. Tangu arudi, Viktoria aliomba kitu kimoja tu: mumewe afukiziwe ubani na kuzikwa Kikristo.

"Padri, bwana yangu iko pale," alisema baada ya misa. "Tuchimbe."

"Mwenyekiti, unasemaje?" padri alimuuliza Severino.

"Muhogo bado kukomaa," alisema Severino. "Dada, miaka saba umeweza kungoja. Mvua moja ndiyo inakushinda?"

Watu wachache walicheka. Padri aliamua mavuno yasubiriwe.

Walisubiri. Kila Jumapili moshi ulikwenda kuchuchumaa shambani, na waliochelewa misa waliupitia kando.

Muhogo ulipokomaa, Severino aling'oa peke yake. Jumapili alileta kikapu kizima kama matoleo, mihogo minene kama paja la mtu. Padri alifukizia matoleo, kama ilivyo desturi. Siku hiyo moshi haukutoka nje. Ulilala juu ya kikapu, ukatulia.

"Sasa mumeo amefukiziwa," padri alimwambia Viktoria. "Na udongo umekwisha kuchimbwa."

Severino alipigiwa makofi.

Matoleo yaligawiwa wajane. Viktoria alipata mihogo mitatu. Watoto wake walikuwa hawajala tangu jana yake. Aliifunga kwa shuka nyeupe, akaizika nyuma ya nyumba, akasimika msalaba, akasali rozari nzima.

Juma lililofuata Severino alipanda tena shamba lilelile. Jumapili ulikuwa uchaguzi wa mwenyekiti wa kigango, kura kwa kunyoosha mikono. Jina lake lilipotajwa, Severino alisimama mbele, akitazama mkono mmoja mmoja.

Viktoria naye alinyoosha wake. Bado ulikuwa unanukia ubani.