Ua Lipi, Ua Upi

Mvua za kwanza zilipoanza, tangazo lilibandikwa mlangoni pa boma la Newala, kwa Kiswahili cha bwana shauri mwenyewe, mzungu mkuu wa wilaya: kila nyumba ya watumishi iwe na ua mbele kufikia ukaguzi wa mwezi wa tano. Mboga marufuku. Atakayekaidi atahama.

Silvano, tarishi wa boma, alilisoma mara tatu. Jirani yake Halfani hakujisumbua. Alikata mianzi akazungushia nyumba yake. Karibu kota nzima ikamwiga.

"Mama Agnes," Silvano alimwambia mkewe, Paulina, "mwaka huu bamia usipande. Tukifukuzwa hapa tutalala wapi?"

"Nitapanda ua, Baba Agnes. Si ndilo wanalotaka?"

Akachukua kamba na majivu, akachora chini mistari ya kupinda-pinda, ile ile ya nembo zilizochanjwa mashavuni mwa bibi yake. Kila pindo akalichimbia kishimo kama bakuli, maji yasikimbie. Mbaazi akazisimamisha pembeni ziwe ukuta, bamia katikati, choya, ile rozela, mbele kwa wekundu wake, maboga yatambae kufuata mistari.

Mvua zilipokatika, maji yaliyoosha mihogo yaliosha vyombo, kisha yakaenda shinani. Paulina aliyapandisha kichwani kutoka bondeni, asubuhi nzima kwenda na kurudi, na waridi za bwana zilinyweshwa kwa mapipa yaliyosukumwa na wafungwa. Hilo halikubandikwa mlangoni popote. Acha liandikwe hapa.

Siku ya ukaguzi bwana shauri alisimama kwa Halfani, shingo imemwiva.

"Mimi sema ua. Ua ya kunusa."

"Nusa tu, bwana," Halfani akajibu. "Mianzi mizuri hii."

Akaambiwa afungashe virago. Silvano alifuata nyuma ya bwana na daftari. Nyumba iliyofuata ilikuwa yake.

Bwana akasimama. Bamia zilikuwa zimefungua maua ya manjano yenye jicho jeusi, mbaazi zimewaka, choya nyekundu imepita mistarini kama chale mbichi. Hata Silvano, aliyepita hapo kila siku, aliona kama hajawahi kufika.

"Hii nini?"

"Ua, bwana," akasema Paulina.

"Na nyekundu?"

"Ua pia."

Bwana akainua jani kwa fimbo. Boga, kubwa kama kigoda. Silvano akafumba macho.

"Na hii?"

Paulina hakupepesa macho. "Hilo ni ua lililozeeka, bwana."

Bwana akataka daftari, akaandika, akalirudisha. Silvano alisoma: Kota nzima ifanye kama huyu mama. Wenye mianzi wabaki, wapewe mbegu.

Jioni Halfani alikuja kufuata mbegu, akakuta chungu kinatokota.

"Shemeji, mnapika nini?"

"Ua," akasema Silvano, na akamtazama mkewe muda mrefu kabla ya kupakua.