Shingoni mwa Shakaiki

Kama uliolewa Dubai wakati wowote tangu mwaka themanini, na harusi ikawa ya watu wa pwani, basi kikuba cha maua ulichobandika kifuani huenda kimepita mikononi mwangu. Sijisifu, nasema lililopo. Mimi Khamisa binti Zahor, mzaliwa wa Malindi, Unguja, nina miche kumi na miwili ya asumini nyumbani kwangu Al Warqa, na mirehani, na mlangilangi ambao watu waliapa hautaota kwenye mchanga huu. Umeota, na sasa umenipita kimo mara tatu.

Ndiyo maana jirani yangu Ustadh Maan alipokuja na bahasha zake mbili, mwezi wa Septemba mwaka 2014, hata sikumwacha amalize kusema.

Ustadh Maan ni Mlebanoni, mwalimu wa bayolojia aliyestaafu. Mkewe, Hilwa, alifariki miaka miwili kabla ya hapo, akazikwa huku huku. Ndani ya bahasha mlikuwa na vijiazi vikavu, vyeusi, vimekunjamana kama tangawizi iliyosahauliwa kabatini. Alisema ni mbegu za shakaiki, ua la mwituni la nchi zao. Wazungu huliita anemoni. Sita alizichimba Hilwa mwenyewe, mlimani nyuma ya nyumba ya wazee wake. Sita nyingine walizitoa Ugiriki walipokwenda kutembea. Ziko aina mbili tofauti, lakini zote hutoa ua jekundu.

"Umm Aboud," aliniambia kwa Kiarabu chake, akiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, "nimejaribu misimu miwili, zimeniozea. Mwezi wa tatu nahamia kwa binti yangu Kanada, moja kwa moja. Nataka kabla sijaondoka nimwekee Hilwa kaburini ua moja la mlimani kwao. Mlima wenyewe umeshajengwa mahoteli. Hizi ndizo zilizobaki."

"Ua moja?" nikamjibu. "Nitakupa shada! Mlangilangi umenitii, sembuse hivi vijiazi?"

Hivyo ndivyo nilivyo. Mdomo wangu hutangulia, mimi nafuata nyuma nikihema.

Aliniandikia kila kitu kwenye karatasi. Vijiazi vikae kwenye friji wiki sita, vipate kudhani ni baridi ya kwao. Kisha viloweshwe usiku mmoja, vipandwe juu juu, kwa ubavu, maana hata mwenyewe hajui upande upi ni kichwa. Nilifuata neno kwa neno. Joto lilipopungua, mwezi wa Novemba, nikatoa bahasha, nikachukua bakuli langu la kulowekea kunde, nikamimina zote humo.

Asubuhi nikaona vijiazi kumi na viwili vimevimba vizuri kabisa, na kando ya bakuli bahasha mbili tupu.

Mwatima, dada wa Kwale aliyekaa nami miaka tisa na kunisaidia kazi za nyumba, alichungulia begani kwangu. "Sasa za marehemu ni gani hapa, Bi Khamisa?"

"Nyamaza."

"Mimi nishanyamaza. Ni wewe utaongea na Ustadh."

Nilizipanda zote kwenye sanduku refu la udongo, chini ya ukuta wa mashariki, zipate jua la asubuhi tu. Desemba majani yakatoka, yakasongamana, nikashindwa kujua la nani ni lipi. Kila Ijumaa Ustadh akitoka msikitini husimama getini kwangu. "Za Hilwa zinaendeleaje?" Nami hujibu, "Alhamdulillahi, zinapendeza." Sikuwa nasema uwongo. Lakini akishageuza mgongo, natazama sanduku nisijue za Hilwa ni zipi.

Februari zikachanua. Nitasema nini? Saba kwa wiki moja, wekundu wa kuumiza macho, katikati jicho jeusi lililopakwa wanja. Wanawake wa mtaa mzima walikuja kuangalia. Mmoja akasema ameyaona Marina, kwenye hoteli, nikamwambia ya hoteli huja na ndege yameshakatwa, haya yamezaliwa Al Warqa. Nilitembea uani kwangu kama mama wa bwana harusi. Kisha wageni wakishaondoka nachutama mbele ya sanduku, natazama rangi, natazama jicho, na yote ni yale yale. Lipi la Hilwa? Safari ya Ustadh ilikuwa imebakiza siku nne.

Basi nikakata shauri, na shauri lenyewe lilikuwa baya. Nitafunga kikuba kimoja cha maua yote saba, nimpe, niseme ni ya Hilwa. Angalau moja litakuwa la kweli. Nikayakata, nikakaa barazani na sinia yangu.

Anayefunga vikuba kwanza huondoa majani yaliyo chini ya ua, shingoni, ili ua likae limeshikana na mwenziwe. Vidole vyangu hufanya hivyo bila kuniuliza. Nikakwanyua la kwanza, nikakwanyua la pili. Kwenye la tatu vidole vikasita.

Jani hili halikuwa kama yale. Miaka arobaini nimekwanyua shingo za maua, vidole vyangu havidanganyiki. Nikaangalia kwenye sinia. Majani ya yale mawili ya kwanza yalikuwa membamba, mazima, kama ulimi wa ndege. Ya hili la tatu yalichanikachanika kama kotmiri, majani ya giligilani. Nikayapindua manne yaliyobaki kichwa chini. Matatu ulimi wa ndege, moja kotmiri.

"Mwatima! Njoo uone, yamejitenga yenyewe!"

Akaja, akatazama sana. "Haya. Na la marehemu ni gani, lenye kotmiri ama hili lingine?"

Ningeweza kumuuliza Ustadh, lakini kuuliza ni kukiri. Ndipo nikakumbuka picha iliyotundikwa sebuleni kwake, Hilwa yu kijana, mlimani kwao, ua jekundu amelichomeka sikioni. Nikatia vileja vya chai kwenye sahani, nikaficha maua ya aina zote mbili chini ya mtandio, nikaenda.

Picha ile nimeiona mara mia, na mara zote mia niliona wekundu tu. Safari hii nikaangalia chini ya ua, karibu na shavu la Hilwa. Majani yalikuwapo, yamechanika nyuzi nyuzi, kotmiri tupu.

"Umm Aboud," Ustadh akasema nyuma yangu, "unalia?"

Kumbe nalia. Nikaona haya, nikakaa kitini bila kukaribishwa, nikamwambia yote: bakuli la kunde, Ijumaa zote zile, mpaka kikuba cha uwongo nilichotaka kumfungia. Nilipomaliza nikainua kichwa, maana hata nikikosa sipendi kuongea nimeinama.

"Nilizichanganya, Ustadh. Na nimezitenganisha mwenyewe." Nikamwekea mezani yale mawili ya kotmiri. "Haya ni ya mlimani kwao."

Alivaa miwani. Hakuutazama wekundu hata kidogo. Alipindua ua, akapitisha kidole kwenye majani ya shingoni, pole pole.

"Nimefundisha miaka thelathini na mitano," akasema. "Kila darasa niliwagawia maua wayatambue, na wote walianza na rangi. Aliyelipindua bila kuambiwa alikuwa mmoja tu, mwalimu mwenzangu aliyepita darasani kwangu. Nikamwoa." Akavua miwani. "Sasa mko wawili."

Nimepewa sifa nyingi katika maisha yangu, nyingine nimejipa mwenyewe. Hiyo ndiyo niliyokwenda nayo nyumbani, sahani yangu nikaisahau kwake.

Kesho yake asubuhi, kabla hajaenda makaburini, nilimfungia kikuba chake: shakaiki mbili katikati, asumini kuzunguka, na kijiti cha mrehani. Mwatima alikuwa amesimama pembeni akanikosoa, jambo asilolifanya kwenye vikuba.

"Bi Khamisa, umesahau kutoa majani. Kimelegea."

"Sikusahau. Kiache hivyo hivyo," nikamwambia. "Hilwa atayapindua kwanza."