Mrehani wa Kusikobomolewa

Nchi ile tuliijenga Temeke, uani kwa dada yangu Mwanaheri, mwaka ule niliofukuzwa kazi bandarini kwa sababu ya mgomo. Nasema tuliijenga, ingawa mwanzoni mie niliicheka. Wanawake watatu wamekaa chini ya kipenu wanasuka ukili wa mikeka, mikono haisimami, na midomo nayo inapasua mito na kuinua milima. Nikawa najiuliza: watu wazima hawa wamevunjiwa nyumba, wamesukumwa mpaka huku kwenye mashamba ya watu, na badala ya kukunja ngumi wanacheza kama watoto?

Mtaa wetu ulikuwa nyuma ya bandari, ukiitwa Kwa Matar. Usiutafute, haupo. Serikali ya Mwingereza ilisema mahali pale panatakiwa, na neno hilo silisahau mpaka naingia kaburini. Sie tuliokuwa tukipataka hatukuwamo katika watu wanaotaka kitu. Wakalipia minazi, wakalipia milango, wakazungusha seng'enge, wakaweka yadi ya mbao. Ndani ya seng'enge ile, nyuma ya ilipokuwa nyumba ya dada, amelala Zuena, bintiye, aliyekufa kwa surua hata kanga hajajua kuifunga. Kichwani pake palikuwa na kipande cha jiwe la tumbawe na shina la mrehani. Bwana aliyekuja kuhesabu mali alihesabu minazi, mrehani akauruka.

Ile nchi yao ya maneno waliiita Kusikobomolewa. Kule nyumba haijengwi, inapandwa. Unafukia kizingiti cha mlango masika yanapoanza, unakimwagilia, na kipupwe kikifika vyumba vimeshaota, na ukumbi wake. Nyumba ina mizizi. Akiishika mtu asiye wake inanuna, inajifungia madirisha. Milima ya kule huhama kiangazi kufuata mvua, ikirudi imenona. Kuna samaki wanaopanda juu ya mapaa kuota jua, na hakuna anayewala, kwa sababu ndio wanaoziba makuti yakivuja.

Sheria ilikuwa moja, na mwenye sheria alikuwa Bi Wahiba, jirani yetu tangu Kwa Matar, mjane wa Mwarabu muuza duka. Duka nalo lilikwenda siku moja na nyumba zetu. Sheria yake ilisema hivi: ukileta kitu nchini, sema kinakunywa wapi.

"Kisichokunywa ni uongo," alikuwa akisema. "Na hapa hatusemi uongo, tunajenga."

Ukikosa jibu, kitu chako kinasimama mpakani, na zamu yako imepita.

Siku moja uvumilivu ukanishinda. "Hiyo nchi yenu haina kodi ya kichwa?"

"Haina," dada akajibu bila kuinua uso. "Wala haina wewe."

"Basi leo nami naleta kitu. Naleta Gavana."

Bi Wahiba akaacha kusuka. "Gavana! Mfaume mwanangu, nchi yote hii, umekosa cha kuleta?"

"Bibi, shikamoo, nisikilize kwanza. Bila Gavana mtampindua nani? Namleta ili tumwondoe."

Kokushubila akacheka mpaka miyaa ya kusukia ikamponyoka. Huyu alikuwa mpangaji wa dada, katoka Bukoba peke yake, na mtaa ulimsema mchana na usiku kwa huo upeke wake. Kwa dada alikula chungu kimoja nasi. "Mwenzetu kafukuzwa na Mzungu hapa," akasema, "anakwenda kumshika mkono ampeleke na huko!"

"Anakunywa wapi?" Bi Wahiba akaniuliza.

"Kwenye kisima chenu."

"Nani kamkaribisha? Akae mpakani na kiu yake."

Wakacheka, Gavana wangu akabaki mpakani, na mie nikashinda nimenuna kama nyumba za kule. Nilikuwa nimejifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia sukari. Maneno makubwa nilikuwa nayo: haki, ujira, umoja. Lakini nilipopewa nchi tupu, niifanye nitakavyo, kitu cha kwanza kunijia kichwani kilikuwa kofia ya Mzungu yenye manyoya. Bunduki walikuwa nazo, ndiyo. Walipotuweza hasa ni hapo kichwani.

Kuanzia siku ile nikawa nakaa nao, nawachania miyaa. Ndipo nilipoona kwamba pale mpakani Gavana hakuwa peke yake. Palikuwa na shina la mrehani la dada.

Kila zamu yake ikifika alileta kitu kile kile.

"Naleta mrehani."

"Unakunywa wapi?"

Vidole vyake vinakimbia juu ya ukili.

"Zamu imepita, binti yangu."

Nikadhani ni ubishi. Mito ilikuwa imejaa tele, na yeye mwenyewe ndiye aliyeichimba mingi. Angesema mtoni, basi, tukaendelea. Kokushubila naye aliona hivyo, na jioni moja akachoka.

"Dada Mwanaheri, maji yote haya! Chota hapo mlimani, mwagia huo mti wako, tuendelee."

"Haunywi ya mlimani."

"Unakunywa nini basi, maziwa?"

"Unakunywa ya mkononi," dada akasema. "Siku ya Ijumaa."

Bi Wahiba aliweka ukili wake chini. "Astaghfirullahi. Mwanaheri! Maiti hachezewi."

Kokushubila akatutazama mmoja mmoja, ikabidi nimweleze. Kwetu, Ijumaa mtu huenda kuzuru kaburi la wake, akasoma anachokijua, akamwagia maji na mrehani usife. Nikiwa katikati ya kumweleza, ndipo nikang'amua mwenyewe. Tangu seng'enge ilipozungushwa, mtoto yule hakuwa amepata hata tone la mkono wa mamaye. Na mie, mwenye maneno makubwa, nilikuwa nimepeleka manung'uniko kila ofisi ya mji huu, ya ujira, ya zamu, ya kodi. Hili halikunipitia akilini.

"Nani anacheza?" dada akasema. "Nyie labda. Mie tangu siku ya kwanza sikucheza. Nimejenga nchi nzima nipate pa kumweka mwanangu, na sheria yako, Bi Wahiba, inanisimamisha mlangoni kama wale wale."

Kuku alipita, akadonoa pembe ya mkeka, hakuna aliyemfukuza. Nilisema nitakwenda kwa wakubwa. Dada hata hakunigeukia.

Bi Wahiba akajifunga kanga vizuri, akainuka kwa kushika nguzo. "Sheria siivunji," akasema. "Nani ana ndoo?"

Ijumaa ile, baada ya sala, tukakata njia kupitia Keko kwenda Kwa Matar, wanawake na ndoo zao, mie nyuma yao na debe. Kisima chetu cha zamani kilisalia nje ya seng'enge. Kazi ya kukifukia hakuna aliyepewa. Tulichota hapo, tukafika penye waya. Mlinzi wa yadi alikuwa Romani, kijana wa bara, kavaa koti lililomzidi mabega.

"Akina mama, mwaenda wapi na maji?"

"Kumwagilia," dada akasema.

"Humu kuna mbao tu, mama."

"Mwanangu yuko chini ya hizo mbao."

Romani akageuka, akaitazama milundo kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Mie nikifungua, kesho sina kazi."

Nikamvaa. "Na unajiita Mwafrika! Kibarua cha kulinda magogo ndicho kinachokufanya..."

"Mfaume!" Dada alinibana mkono. "Mwache. Huyu naye kapandwa hapo na wenyewe." Akamgeukia. "Mwanangu, hatutaki mlango. Ardhi hii inateremkia ndani, naijua, nimeifagia mie. Tutamwaga hapa hapa."

Romani akatazama upande wa ofisi. Kisha kwa ncha ya mguu akasogeza ubao uliolala chini ya waya, akaenda kusimama mbali, mgongo kwetu.

Kokushubila alipiga magoti, akachimba mfereji kwa kifuu cha nazi, mkono wake ukipita chini ya seng'enge mpaka begani. Bi Wahiba alikuwa akisoma kwa sauti ya chini. Dada akamimina ndoo ya kwanza, polepole, kama anayemwosha mtu uso. Maji yakaingia ndani, yakapinda kwenye lundo la kwanza, yakapita chini ya mbao, hatukuyaona tena. Akamimina ya pili. Nikampa debe. Mchanga wa pale unakunywa kama mtu aliyetoka safari.

Kisha akainama, shavu karibu na miiba ya waya, akachungulia gizani chini ya mbao.

"Yamefika?" nikauliza.

"Sijui," akasema.

Kesho yake tulikaa chini ya kipenu kama kawaida. Zamu ikamfikia.

"Naleta mrehani."

"Unakunywa wapi?" Bi Wahiba akauliza, taratibu kuliko siku zote.

"Kwa watu walio nje ya seng'enge. Wanamwaga. Maji yanakwenda, ila hawayaoni yakifika."

Bi Wahiba akafikiri. "Hilo ni jibu. Uingie."

Ndivyo mrehani ulivyoingia Kusikobomolewa, na seng'enge ikaingia nayo. Wenzangu wakataka kuendelea na milima yao, lakini mie, nikikumbuka kwamba kisichokunywa ni uongo, nilishindwa kuipita.

"Na hiyo seng'enge," nikasema, "yenyewe inakunywa wapi?"

Mikono ikasimama. Dada akaelekeza uso upande wa bandari, ambako kwa pale uani huoni kitu ila minazi ya watu.

"Hainywi," akasema, akavuta mwaa mwingine.