Sensa ya Kam

"Gari lako likinifukizia kanzu za kwaya tena, Mbugua, nitalijaza mchanga nipande sukuma ndani!"

"Panda, Mama Seth. Ila uniachie kiti cha dereva, niwe nikikaa hapo kunyunyiza maji."

Wapangaji wa ploti nzima walicheka, kasoro Phelister, Mama Seth mwenyewe. Kanzu za kwaya yao zilikuwa kwenye kamba, nyeupe pepepe, na gari la Mbugua lilikuwa limezikoholea moshi mweusi kama stovu iliyoharibika utambi.

"Mimi na wewe hatuongei tena. Usiniite, usinisalimie. Munyao! Uko wapi?"

Munyao, keateka wetu anayesimamia ploti, si mtu wa maneno mengi. Alisema gari liwe linawaka bila moshi kufikia saa kumi, au vijana walivute nje ya geti. Kila mtu alielewa. Gari likilala barabarani huku mtaani kwetu Mowlem, asubuhi utamkuta mwenyewe amesimama mahali lilipokuwa, ameshika ufunguo.

Nilibeba stuli na karai langu la minji za kubambua nikasogea. Mambo kama hayo hayaangaliwi kutoka dirishani.

Mbugua analipenda lile gari. Ndilo lililomleta binti yake Kate kutoka hospitali akiwa kwenye blanketi. Limebeba makochi ya karibu kila mpangaji aliyehamia hapa. Fundi mmoja alimwambia injini imekufa, mwingine akamwambia haijafa lakini inaumwa sana, na ndipo akaamua kujitengenezea mwenyewe, video kwenye simu na spana mkononi. Alikuwa amegundua ni sensa, vile vidude vinavyoiambia injini ifanye nini na lini. Mbili zilikuwa zimekufa.

Ya kwanza, ya kwenye bomba la moshi, ilikuwa imeshika kutu. Aliimwagia mafuta, akasubiri, akaizungusha kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ilitoka nyeusi kama mahindi yaliyosahaulika kwa jiko, akafunga mpya. Ya pili ilimtaka aingize kichwa chote ndani ya boneti. Simu aliilaza juu ya betri, akiongea na Gitonga, rafiki yake anayeuza spea mjini.

"Umefunga gani sasa?" Gitonga aliuliza. "Krenki ama kam?"

"Kam!"

"Sikusikii!"

"Kam! Kam bana! Mara ngapi nikwambie kam!"

Mlango wa Phelister ulifunguka kwa kishindo.

"Mimi? Mimi ndiye wa kuitwa 'kam' kama mbwa wa geti? Nakwambia usiniite, na wewe unaniita, tena kwa Sheng!"

Mbugua alijigonga kichwa. "Sijakuita, Mama Seth. Kam ni chuma kilicho ndani ya injini."

"Chuma kinaitwa 'njoo'?"

"Kinaitwa kam."

"Na kinakuja?"

Mbugua akafikiri kidogo. "Hiyo ndiyo shida. Hakikam."

Phelister alijaribu kununa. Mdomo ulikataa. Akaangalia pembeni, mabega yakimtetemeka, hata Gitonga huko kwenye simu tulimsikia akikohoa kwa kicheko.

"Na vile umeshafika," Mbugua akasema polepole, "ingia unipigie stata. Siwezi kuwa kwa boneti na kwa usukani."

Nilingoja matusi. Badala yake mama wa watu alikusanya leso yake akaketi kwenye kiti cha dereva.

"Nikanyage wapi?"

"Usikanyage kitu. Zungusha ufunguo."

Injini ililia nyii-nyii-nyii, ikanyamaza. Mbugua akashika plagi ya sensa mpya, akaitikisa. Ilikuwa inacheza. Akaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikalia *ta*.

"Tena, Mama Seth!"

Gari lilishtuka, likawaka.

Munyao alikuwa ameshafika na vijana wake, kamba begani. "Na moshi?" Hakumuuliza Mbugua. Alimuuliza Phelister, kwa sababu kesi ilikuwa yake.

Mbugua alifunga boneti. Akaweka mkono juu yake, kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

Phelister alishuka, akazunguka nyuma, akainama, akaweka kiganja mbele ya bomba. "Kanyaga!" Mbugua akaingia, akakanyaga. Gari likanguruma. Phelister alingoja, akakaa hapo mpaka mimi mwenyewe nikasahau minji zangu. Kisha akainuka, akakitazama kiganja, akakinusa, akaja kunionyesha. Safi.

"Rudisha kamba, Munyao. Hii si ng'ombe."

Mbugua alizima gari. Akaliwasha tena, raha tu. Akazima, akaanza kuokota spana zake bila kumwangalia mtu, macho yamemlowa kidogo, au ni jasho.

"Baba Kate," Phelister aliita kutoka mlangoni kwake. "Hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi, unadhani sijaona? Nawa hayo mafuta na sabuni ya unga. Nimepika samaki."

"Samaki wa mifupa, Mama Seth? Sisi watu wa Murang'a samaki hatujazoea—"

"Nitakutolea mifupa kama mtoto." Akanigeukia. "Na wewe usijifanye unaenda kwako. Ingieni, ugali unapoa."