Kopo Kwenye Mawe ya Paskalia

Watu wa kwanza kufika shambani kwa Paskalia walikuwa watatu, na hawakuonekana kuwa na shida yoyote. Walipanda asubuhi kutoka Bigwa, wakapita kando ya matuta ya karoti, wakasimama penye ukuta wa mawe ambao marehemu mama yake aliupanga zamani ili udongo usiporomoke. Mmoja aliinama. Wawili wakageuka kuangalia njia. Paskalia alipotokeza kwenye migomba na jembe lake, yule aliyeinama akaanza kujifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

"Shikamoo mama," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mnamtafuta nani?"

"Hatumtafuti mtu, mama. Tunapunga upepo tu."

Wakashuka zao. Hawakuchukua hata karoti moja. Paskalia alikwenda kwenye ukuta akatazama kwa muda mrefu, akaona mawe tu.

Hiyo ilikuwa wiki moja baada ya Pasaka. Baadaye walikuja mume na mke wa Kizungu, na Paskalia alipowakaribia, yule mwanamke alinyoosha kidole juu ya mti kana kwamba anaonyesha ndege. Juu ya mti hapakuwa na ndege. Wakaja vijana wanne waliotembea huku wameinamia simu, wakamkanyagia tuta zima la figili, wakaomba radhi, wakamsaidia kufukia mizizi, na bado hawakusema wamefuata nini. Kila aliyekuja alikuwa na heshima, na hilo ndilo lililomchanganya Paskalia zaidi. Kama ni wezi, angewaelewa.

Jumapili moja baada ya misa alimwambia kaka yake, Agustino, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao katika mambo ya ardhi.

"Wanaangalia simu?" Agustino aliuliza.

"Muda wote."

"Basi ni wapimaji. Siku hizi hawaji tena na vigingi, simu inapima yenyewe."

"Mpimaji gani anapanda mlima na kandambili, kaka?"

Swali hilo lilizidi kumpa Agustino uhakika. Akavua koti lake la kanisani, wakaenda wote kwenye ukuta. Alianza kuondoa jiwe mojamoja. Katika safu ya tatu mkono wake uligusa kitu laini. Akaurudisha haraka.

"Kuna kitu."

Lilikuwa kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, limezungushiwa utepe wa kijani unaofanana na majani. Agustino alirudi nyuma hatua mbili. Alisema lisifunguliwe, huenda ni dawa ya mtu. Paskalia aliona amelima kando ya kitu hicho tangu wageni waanze kuja na bado yu mzima, akalifungua.

Ndani mlikuwa na penseli, kitufe cha shati, kobe mdogo wa plastiki, kishikizo cha funguo, na kidaftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa kwa kalamu ya wino: *Karibu. Andika jina na tarehe. Ukichukua kitu, acha kingine. Rudisha palepale. Usionekane na watu.*

"Usionekane na watu," Agustino alirudia polepole. "Umesikia?"

Paskalia hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amefunua ukurasa wa pili. Yalikuwa majina na tarehe, moja chini ya jingine, mengine ya kigeni, na la kwanza kabisa lilikuwa hili: *Laurenti, 14 Machi. Pazuri sana.*

Aliujua mwandiko. Aliijua L yenye mkia mrefu, ambao mwalimu wa darasa la pili alijaribu kuukata akashindwa. Laurenti alikuwa mwanawe wa pekee, fundi umeme huko Ngerengere, na mara ya mwisho kuja nyumbani ilikuwa Krismasi ya mwaka juzi. Kila akipiga simu alisema kazi zimembana. Na hapa alikuwa amesimama hatua thelathini kutoka mlango wa mama yake, akaandika kwamba ni pazuri, akaondoka.

"Mpwa wangu ndiye anayewaleta," Agustino alisema, sauti imemshuka. "Mtoto wa ukoo wenyewe. Lete hilo kopo tulichome."

"Halichomwi."

"Paskalia!"

"Nimesema halichomwi, kaka. Lina mwandiko wa mwanangu."

Akaenda nalo nyumbani, akaliweka mezani. Hakumpigia Laurenti. Alishika simu mara kadhaa akaiweka, maana hakujua swali lenyewe ni lipi. Je, amuulize kwa nini alikuja, au kwa nini hakuja?

Jumanne yake, akiwa anachambua njegere barazani, alimwona msichana mwenye hijabu ya bluu amefika ukutani peke yake. Msichana alitazama simu, akatazama mawe, akapapasa, akazunguka upande wa pili, akarudi. Alifanya hivyo hadi jua likawa kali. Paskalia alimwonea huruma, akashuka.

"Unatafuta nini, binti yangu?"

Msichana alishtuka. "Shikamoo mama. Nimepoteza simu."

"Na hiyo iliyo mkononi?"

Msichana aliitazama simu yake kama vile ameiona kwa mara ya kwanza. Kisha akaanza kucheka, akafunika uso kwa kiganja. Paskalia hakucheka. Alimchukua hadi nyumbani, akamwonyesha kopo lililokuwa mezani.

Aliitwa Hafidha, anafanya kazi maabara mjini. Alikaa kwenye kigoda akaeleza. Ulikuwa mchezo. Mtu anaficha kopo mahali, anaweka alama kwenye ramani ya simu, wenzake kutoka popote duniani wanakuja kulitafuta.

"Wakilipata?"

"Wanaandika jina."

"Halafu?"

"Wanalirudisha palepale."

Paskalia alisubiri sehemu iliyobaki. Haikuwapo.

"Hawapati kitu?"

"Wanakuwa wamelipata, mama."

"Na kwa nini msionekane?"

"Mtu asiyejua mchezo akituona anaweza kulichukua au kulitupa. Ndiyo maana tunajifanya tunafanya mambo mengine." Hafidha alifungua simu, akasoma kidogo, akasita. "Lakini tuna taratibu zetu. Huruhusiwi kuficha kopo kwenye shamba la mtu bila kumwomba. Huyu aliyelificha, Laurenti, ameandika hapa kwamba mwenye shamba ameridhia."

"Mwenye shamba ni mimi," alisema Paskalia. "Na Laurenti ni mwanangu."

Hafidha aliizima simu. Alipoondoka aliacha bahasha ya mbegu za mchicha mezani, akisema amechukua muda wa Paskalia, basi naye aache kitu. Hakuandika jina.

Sasa Paskalia alipiga simu.

"Tarehe kumi na nne Machi ulikuwa wapi?"

Mashine ilikuwa ikinguruma upande wa pili, kisha mlango ukafungwa na mngurumo ukapungua.

"Mama, nilikuja. Nilikuta umefunga. Ilikuwa Jumamosi, nikajua umeshuka sokoni Mawenzi."

"Ningerudi saa nane."

"Nilikuwa na wenzangu, walitaka kuwahi basi. Na nilikuwa nimeshakwambia sipati ruhusa. Nikaona nikisema nilipata siku moja nikaja kuficha kopo, utaniona sina akili."

"Kwa nini hapa, Laurenti? Milima yote hii."

"Wanaokuja wanaandika kwenye simu walichokiona. Mimi nasoma. Kuna mmoja aliandika karoti zimestawi. Mwingine akasema kuna mama amefunga kitambaa chekundu, alimsindikiza hadi njiani ili asipotee."

Paskalia alikigusa kitambaa kichwani. Hakujua afurahi au alie.

"Ulikuwa unaniangalia kwa macho ya wageni," alisema. "Mimi nina simu. Si ungeniuliza karoti zikoje?"

"Sijui, mama," alisema Laurenti, na ilisikika kwamba kweli hajui.

Alikuja Jumamosi iliyofuata, na kilo mbili za sukari na kanga. Agustino alikuwa amekwisha kukaa barazani akimsubiri, na alimhoji kwa saa nzima. Je, simu inapeleka vipimo wapi? Nani analipwa? Laurenti alimwonyesha ramani, akamwonyesha makopo mengine machache, akarudia kila jibu mara mbili. Mwishoni mjomba wake alisema hajaelewa hata kidogo, ila ameridhika kwamba hakuna shamba linalopimwa. Kopo likae, lakini mbali na matuta, kwenye jiwe kubwa la njiani. Na atakayelitaka apige hodi kwanza kwa mwenye eneo.

"Mjomba, mchezo ni wa kujificha."

"Kwenu Ngerengere. Hapa mtu hapiti uani kwa mtu kama nyoka."

Laurenti akaandika kwenye simu kama alivyoambiwa. Alikula, akamrekebishia mama yake swichi ya taa, akashuka kabla ya basi la jioni. Paskalia alimsindikiza hadi penye jiwe kubwa. Alipomuuliza atarudi lini, alisema mwezi ujao, kisha akasema atajitahidi.

Baada ya siku kumi wakaja vijana wawili, dada na kaka, waliosema wametoka Mikese. Walisimama mbali na baraza, simu mikononi, wakisukumana nani aseme.

"Hodi, mama," alisema dada. "Shikamoo. Tumeambiwa... imeandikwa tuanzie hapa."

"Marahaba. Karibuni, kaeni."

Aliwapa maji ya kunawa, akaepua magimbi, akaweka sahani katikati. Wakaanza kula polepole, wakitazamana, wakitazama sahani, yule kaka akichungulia hata chini ya kigoda. Hawakujua kama kula nako ni sehemu ya mchezo. Paskalia naye hakuwa na hakika, akawaongezea chai.