Kiti cha Sita

Fundi seremala alipoitwa mara ya nne kwenda kusawazisha meza ileile, hakubeba msumeno tena. Miguu ilikuwa imeshakatwa vya kutosha. Akiipunguza zaidi, watu wangekula magoti yakiwa kidevuni. Alibeba pima maji, kabari chache za mbao na kinyongo chake, akaondoka akiacha gundi ikikauka kwenye kopo. Habari aliletewa na mkewe, ambaye ndiye hupokea simu za wateja wenye hasira.

Meza yenyewe ilikuwa ya mbao ngumu, ya watu sita, imeungwa bila msumari hata mmoja. Aliyeiagiza ni binti mkubwa wa nyumba ile, ambaye wote, hata mama yake mzazi, walimwita Dada. Dada alirudi nyumbani kumuuguza baba yake. Baba akafariki, mama naye akaanza kuugua miguu, basi hakuondoka tena. Siku ya kuagiza alisema anataka viti sita, maana amechoka kula jikoni amesimama, na yeye anataka kuketi na wenzake. Fundi alimwambia aondoe shaka. Meza ya nyumbani kwake, alijigamba, haijayumba hata siku moja tangu aoe.

Sakafu za watu fundi alizijua. Hakuwahi kukuta iliyonyooka, na hakuwahi kushindwa na hata moja. Lakini hii ilimtoa kijasho. Kila alipokuja aliwatoa watu wote sebuleni, kama wafanyavyo mafundi wote, kwa sababu watu husogeza viti na kuuliza maswali. Alipima, akakwangua, akapima tena, mpaka kiputo cha pima maji kikatulia katikati. Kabla hajavua viatu nyumbani, simu ililia: mchuzi umemmwagikia mtu mapajani.

"Fundi, unatuchezea," mama mwenye nyumba alimwambia mlangoni.

"Mama, leo hakuna kutoka. Pakueni mle, nione kwa macho yangu."

Wakaketi: mama, mwanawe wa kiume na mkewe, mtoto wao wa shule, na kitinda mimba. Fundi aliweka pima maji kando ya bakuli la mchuzi, na kiputo kikatulia tuli. Kisha Dada akatoka jikoni akijifuta mikono, akavuta kiti cha sita, akaketi. Saruji chini yake ilibonyea kama godoro. Kiti kilizama, mguu wa meza uliokuwa karibu naye ukakifuata, na bakuli likaanza kumwendea. Kitinda mimba alilizuia kwa kidole huku akiendelea kutafuna.

"Ndiyo hivyo," mama alisema. "Kila siku."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Ungeambiwa saa ngapi? Kila ukija unatufukuza."

Fundi alikuna kichwa. Alimhamishia Dada upande wa pili, na sakafu ikabonyea upande wa pili. Akamketisha kitinda mimba, mwenye kitambi cha kutosha watu wawili, kwenye kile kiti cha sita. Sakafu haikutikisika. Dada mwenyewe alikuwa mwembamba, nguo zilikuwa zinampwaya.

"Samahani, Dada. Kwani umebeba nini?"

"Bora ungeniuliza nisichobeba," Dada alisema. Alisema kwa uchovu wa mtu ambaye swali limemfikia limechelewa. Alitia mkono mifukoni, akatoa funguo za nyumba, dawa za mama za jioni, na shati la shule la yule mtoto, sindano ikiwa bado imening'inia kwenye kifungo. Zile funguo akampa kitinda mimba. "Hebu shika."

Sakafu chini ya kitinda mimba ilishuka kidogo. Chini ya Dada ilipanda kidogo vilevile.

Kwa mara ya kwanza tangu aijue nyumba ile, fundi aliona raha ya kazi yake. "Si ndiyo hiyo! Basi mgawane. Huyu funguo, bwana mkubwa dawa, na wewe mama mtoto, shati la mwanao. Meza itakaa yenyewe, wala kabari haitakiwi."

Wakatazamana. Kitinda mimba alisema funguo zinamchoma paja. Kaka yake alisema yeye hurudi amechoka, dawa atazisahau, halafu alaumiwe. Mkewe alisema sindano na macho yake haviivi chungu kimoja. Funguo zilirudi mkono kwa mkono mpaka kwa Dada, naye akashuka pamoja na kiti chake, mguu wa meza nyuma yake.

"Tusimsumbue fundi wa watu," mama alisema. "Dada, wewe kula jikoni tu kama zamani. Hata ukikaa, si utainuka kuleta chumvi?"

Dada alimtazama fundi. Ndiye pekee mle ndani ambaye hajawahi kumtuma kitu, na Dada alimngoja aseme neno. Fundi alilijua neno lenyewe. Lakini alikuwa amechoshwa na nyumba ile, gundi ilikuwa inakauka, na Dada aliposimama, kiputo kilirudi katikati kikatulia vizuri mno.

"Basi meza iko sawa," alisema.

"Na hicho kiti ondoka nacho," mama akamwambia. "Kinatuzibia njia."

Alifika nyumbani na kiti begani, mkewe akipakua. Meza yao ilikuwa na viti vitatu, kimoja cha fundi na viwili vya watoto. Cha nne hakikuwahi kutengenezwa, kazi za watu hazikumpa nafasi. Fundi alikiweka upande uliokuwa wazi.

"Cha nani hiki?"

"Kimerudishwa. Hebu kaa, mama watoto."

Mkewe aliketi. Alizama taratibu mpaka kidevu chake kikawa sawa na ukingo wa meza. Watoto waliinua sahani zao kabla ya kuambiwa, na bakuli la supu likamwendea mama yao.

"Kina mgongo mzuri," mkewe alisema, akakiegemea, akafumba macho.

Fundi alimtazama. Funguo zilikuwa kiunoni, simu ya wateja mapajani, na ilikuwa inalia. Alijua cha kumpokea, na alijua aanze na kipi. Alinyoosha mkono kuiendea ile simu. Lakini mgongo ulimuuma, mteja angekuwa anafoka, na supu ilikuwa imefika ukingoni. Mkono ukashika bakuli.

"Usumbufu gani huu, mtu hawezi kula," alisema kwa kero. "Hebu niletee maji."

Maji yalikuwa mezani. Mkewe aliyatazama, akamtazama na yeye, kisha akainuka akiipokea simu. Sakafu ilipanda, meza ikatulia, watoto wakashusha sahani.

Kile kiti kilihamia jikoni, kikawekewa kapu la nguo chafu, na saruji chini yake ikaanza kubonyea. Asubuhi mteja mpya alikuja karakana, akalalamika kwamba meza zote za siku hizi zinayumba. Fundi hakuinua macho kwenye randa.

"Ya nyumbani kwangu," alisema, "haijayumba hata siku moja."