Plasta ya Miaka Tisa

Mara ya tatu ndani ya wiki moja, meno ya bandia ya juu ya mama yalitua mezani kwangu vipande viwili, yamefungwa kwenye leso. Mwenyewe alisimama kando ya meza, kiganja mdomoni. Kesho yake saa nne asubuhi alikuwa anaolewa, na alitaka kutamka "nimekubali" meno yakiwa kinywani.

Mimi hata hiyo harusi ilikuwa haijanishuka kooni. Mama ana miaka sitini na minane. Bwana harusi ni fundi saa, na muda huo alikuwa kwenye benchi nje ya karakana yangu, akimsubiri. Kila baada ya dakika nilitupa jicho dirishani kuona kama bado yupo. Yupo.

"Umetafuna nini?" nikamuuliza mama.

"Mkate wa kuchovya kwenye chai," akajibu nyuma ya kiganja.

"Mkate hauvunji meno."

"Basi muulize aliyeyatengeneza."

Aliyeyatengeneza ni mimi. Mara ya kwanza niliunga ufa kwa plastiki mpya. Mara ya pili nikalaza waya ndani. Sasa nilikuwa nimekata wavu wa chuma, mwembamba kama chujio la chai, niuzike kwenye bamba la kaakaa pale yanapopasuka kila mara. Nikavipachika vipande juu ya plasta, mfano wa kinywa chake niliouchukua miaka tisa iliyopita. Vikakaa barabara, hata unywele haupiti.

Hapo ndipo nikaingiwa na shaka. Meno yanayokaa hivyo hayavunjwi na mkate. Nikayageuza, nikazunguka meza, nikafungua bomba na kulifunga bila kunawa. Plasta ilikuwa ileile. Mama je? Tangu nichukue kipimo kile baba amefariki, mama amekonda, na sijamwona bila meno hata siku moja. Huyavua akiwa peke yake, mlango umefungwa.

"Mama, toa mkono nione."

"Hunioni hivi."

"Ufizi umesinyaa. Meno yanapepesuka juu ya mfupa wa katikati, yanajikunja mpaka yanakatika. Hata nikitia nondo yatavunjika."

"Wewe weka wavu wako. Kesho nitasema neno moja tu."

"Hilo hilo moja litayavunja."

Sikuwa na hakika. Nilitaka kumtisha.

Akatazama dirishani. "Basi mwite aingie anishike mkono," akasema. "Yeye ameshaniona."

Nilimwonea wivu yule mzee wa watu, wivu wa mtoto aliyepokonywa kitu. Miaka tisa nimeweka kinywa cha mama yangu rafuni, nakipangusa vumbi, nikidhani namjua.

Nikatoka kumwita. Fundi saa akaingia, akavuta kigoda, akamshika mama mkono. Mama akashusha kiganja. Midomo ilikuwa imezama ndani, na uso ule ulikuwa wa bibi yangu, mama yake, siku zake za mwisho.

"Usinitolee macho," akasema, maneno yakimtoka na upepo. "Fanya kazi."

Nikakoroga kwa maji unga wa kuchukulia vipimo, nikambandika kwenye ufizi, tukangoja dakika tatu. Fundi saa alizihesabu kwa saa yake bila kuombwa, akasema zimetimia kabla kengele ya saa yangu ya mezani haijalia.

Plasta mpya niliyoimimina kwenye kipimo hicho ilipokauka, nikavigandisha vipande kwa nta, nikayaweka meno juu yake. Yakacheza kama meza yenye mguu mfupi.

"Kumbe alikuwa anakula kwa shida," nikasema.

"Muda mrefu," akajibu fundi saa. "Alinikataza nisikwambie."

Nikajaza ile nafasi kwa plastiki mpya, nikauzika wavu, nikayatia kwenye chungu cha presha ili plastiki igande. Wao waliketi wametulia. Mimi niliinuka, nikaketi, nikainuka tena.

Alasiri mama akayavaa. Nikampa pamba aing'ate kwa nguvu zote. Nikaweka kidole kwenye kaakaa kusikiliza kama bamba linacheza. Halikucheza.

"Haya, jaribu kusema."

"Niseme nini?"

"Lile la kesho."

Hakumtazama fundi saa. Alinitazama mimi.

"Nimekubali," akasema, kila herufi mahali pake. "Na wewe?"

Nina meno yangu yote thelathini na mawili, ya kuzaliwa nayo, na neno halikutoka. Nikaitikia kwa kichwa.